Chupa nyekundu ya mama: pafyumu inaweza kusema mtu alikuwa nani?

"Shikamoo mama. Mama yangu alifariki mwaka jana na mwezi uliopita ndo tumefungua sanduku lake la bati, chini kabisa ndani ya kanga nikakuta chupa ya pafyumu rangi ya damu ya mzee, ina kidirisha cha mviringo katikati unaona maji ya kahawia ndani, na kamba nyeusi yenye kishada. Imeandikwa Opium, Yves Saint Laurent. Imepungua kama robo tu. Mama mdogo anasema aliinunua Nairobi 1986 kwa mshahara wake, alipopelekwa kozi ya ukatibu muhtasi, na watu wa Kirumba walimsema mwezi mzima. Anasema hiyo ni pafyumu ya wanawake wa mjini, wale wa kuteka waume za watu, na mama kabla hajaolewa alikuwa mwanamke mwingine kabisa. Mimi mama niliyemjua ni wa kwaya, mpole, hata sauti yake ukikaa nyuma huisikii. Nikatafuta mtandaoni wanasema Opium ni ya mwanamke wa siri, mwenye mitego, hatari. Dada mmoja wa jumuiya kaniambia jina lenyewe ni madawa ya kulevya nikaitupe ziwani. Nilipofungua ilinuka kama vanishi, baadaye kama kwa daktari wa meno, baada ya nusu saa ndo ikawa mama, mama kabisa, nikalia. Nilijipaka shingoni, kesho yake vipele, na mwanangu wa miaka 6 mwenye pumu alikohoa usiku kucha. Mjini wananiambia ninunue Black Opium eti ndo hiyo hiyo mpya. Je, imeharibika? Niitupe? Na mama yangu alikuwa huyo mwanamke wanayemsema?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Nimeusoma ujumbe wako asubuhi kabla sijafungua duka, mchana nikaurudia, na nimeona maswali ni mengi ila linalokunyima usingizi ni lile la mwisho, hayo mengine umeyatanguliza tu. Nitafika huko. Lakini nianze na shingo yako na mtoto maana hayo mawili hayasubiri.

Usiipake tena mwilini. Sio kwamba imekuwa sumu, hapana, wala usiogope kwamba umejidhuru kwa kujipaka mara moja. Kinachotokea ni hiki: pafyumu nyingi za zamani harufu yake ya kwanza inatokana na mafuta ya maganda ya matunda jamii ya chungwa, na Opium nayo ina chenza mle ndani. Mafuta hayo yana kitu kinaitwa limoneni, kikiwa kipya ngozi za watu wengi zinakivumilia bila shida, lakini kikikaa na hewa miaka na miaka kinabadilika kidogo kidogo, na hicho kilichobadilika ndo ngozi inakikataa. Kwahiyo ukisikia mtu anasema mbona mama alijipaka miaka yote hakutoka hata kipele, mwambie mama alikuwa anajipaka kitu kilekile kikiwa kichanga, wewe umejipaka kikiwa kimezeeka karibu miaka 40. Alafu kuna karafuu, nayo inatoa aleji kwa baadhi ya watu hata ikiwa mpya. Na jambo jingine ambalo wateja wangu wengi hawalijui, baadhi ya mafuta haya, hasa ya bergamoti ya zamani, tunda nalo la jamii ya chungwa, ukipaka shingoni ukatoka juani yanaungana na jua na kuacha alama nyeusi zinazokaa miezi, na jua la hapa Mwanza unalijua, tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya Ikweta.

Osha shingo kwa maji na sabuni ya kawaida, acha kupaka kitu chochote chenye harufu mpaka patulie. Vipele vikipita wiki moja bado vipo, au vikienea, vikitoa malengelenge, uso ukavimba, nenda ukaonwe, anza kituo cha afya kilicho karibu, wakiona inabidi watakupeleka kwa daktari wa ngozi. Mwambie kabisa ni pafyumu ya zamani yenye karafuu, maana ikigundulika una aleji ya karafuu inabidi hata daktari wa meno ajue, wanatumia dawa zenye kitu hichohicho.

Mtoto mwenye pumu hana mjadala. Hiyo chupa isifunguliwe ndani ya nyumba anayolala, na ukweli ni kwamba sio hiyo tu, udi, ubani, sprei za chumbani, dawa za mbu za kuwasha, vyote hivyo kifua chake havikipendi. Kama anakohoa usiku mara kwa mara hata bila pafyumu, mrudishe kliniki waangalie dawa zake upya. Na ukimwona anahema mpaka mbavu zinaingia ndani, au anashindwa kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, hapo usisubiri kukuche, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye chupa. Vanishi, daktari wa meno, mama. Unajua umeieleza pafyumu vizuri kuliko watu wengi wanaokuja dukani kwangu wakijiita wataalamu? Harufu haitoki yote kwa wakati mmoja. Vitu vyepesi vinaruka kwanza, ni hayo machenza na vitu vyenye ukali ukali wa juu, ndo vinavyopaswa kukupokea ukifungua kizibo, na ndo vinavyoharibika mapema kuliko vyote. Kwako vimeshazeeka, kwahiyo badala ya kupokewa na chenza umepokewa na vanishi. Ukivumilia dakika kumi vanishi inaondoka, inafuata karafuu, mdalasini, na ua moja la Ulaya linaitwa kanesheni ambalo lenyewe lina harufu ya karafuu, na kinachofanya karafuu iitwe karafuu kinaitwa eugenoli, hichohicho madaktari wa meno wanakichanganya kwenye dawa ya kuziba jino. Ndo maana pua yako ilikimbilia kwenye kiti cha daktari. Bibi zetu nao jino likiuma wanang'ata karafuu, akili ni ileile.

Mwisho kabisa vinabaki vizito. Manemane, ndiyo, hiyo ya kwenye Biblia, ni utomvu wa mti unaoota Somalia na Ethiopia, alafu opoponaksi ambayo ni ndugu yake, pachuli, yale majani ya kunukia, msandali, vanila. Vitu hivi havina haraka, vinakaa kwenye ngozi na kwenye nguo siku nzima mpaka kesho, na kwa miaka havipotei ovyo, vinakolea tu rangi, na vanila hasa ndo inayogeuza maji yakawa ya kahawia. Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba imeharibika juu, haijaharibika chini. Na mtoto hamjui mama yake kwa harufu ya dakika tano za kwanza. Mama akijipaka anajipaka asubuhi kabla hajakuamsha, wewe ukimkumbatia jioni akitoka kazini unamkuta ameshafika kwenye manemane na vanila. Wewe pafyumu ya mama unayoijua ni nusu yake ya chini, na nusu ya chini ndo iliyobaki hai. Ulilia kwa sababu harufu ikiingia puani inafika kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko macho au masikio, picha ya mama unaweza kuitazama ukavumilia, harufu inakukuta hujajiandaa.

Kuhusu kuitupa ziwani kwa sababu ya jina, usitupe. Kwanza ziwa letu limeshatosha mizigo. Pili, mle ndani hakuna madawa ya kulevya hata chembe. Opium kwa Kiswahili ni kasumba, au afyuni, utomvu wa tunda la mpopi, na Yves Saint Laurent, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alilichukua jina hilo mwaka 1977 kwa sababu alitaka watu washtuke, tangazo lenyewe la Ufaransa lilikuwa linasema ni ya wale waliozama kwa Yves Saint Laurent kama mtu anavyozama kwenye ulevi. Huyo dada wa jumuiya asikasirikiwe lakini, maana sio wa kwanza. Walipoipeleka Marekani mwaka 1978, wakafanya sherehe kwenye meli ya zamani pale New York, Wamarekani wenye asili ya China waliandamana wakitaka jina libadilishwe na waombwe radhi, na walikuwa na haki, kasumba iliwaangamiza watu wao karne nzima na Waingereza walipigana nao vita ili waendelee kuwauzia. Mimi jina silipendi mpaka leo. Naipenda harufu, jina silipendi, na nadhani mtu anaruhusiwa kuvitenganisha hivo viwili.

Black Opium usinunue kwa sababu hii. Nasema kwa sababu hii, maana yenyewe ni pafyumu nzuri na inauzika sana, ila ilitoka 2014 na ni kitu kingine kabisa, kahawa na vanila na maua meupe, tamu tamu ya wasichana wa sa hizi. Ukiipuliza ukitegemea mama atatokea utaumia bure na hela imeenda. Hata ile Opium ya kawaida inayotengenezwa sasa sio ya mama, mwaka 2009 waliibadilisha chupa na mchanganyiko, kwa sababu vitu kadhaa, na jamii ya karafuu ikiwemo, vimewekewa viwango kwa ajili ya hizohizo aleji zilizokutoa vipele. Ukibahatika kuinusa utaona inafanana kama mpwa anavyofanana na shangazi. Na zile pafyumu za kupima, za mafuta, wanakuambia "hii ni Opium oriji mama", mimi nimeanzia kazi huko, nimepima mafuta kwenye vichupa miaka mingi pale Makoroboi, nakwambia kwa moyo mweupe wengi hawajawahi kuinusa ya kweli. Wakati fulani nilinunua katoni nzima kwa mtu niliyemwamini, masanduku mazuri, kishada kipo, ndani spiriti na rangi. Nilizimwaga zote nyuma ya nyumba, harufu ilikaa siku tatu.

Kama unataka kitu cha kujipaka kinachokaa karibu na mama, mimi ningekushauri utafute Youth-Dew ya Estée Lauder, ndugu wa damu wa Opium, karafuu na utomvu vilevile, ila ya kutengenezwa juzi, na hata hiyo jaribu tone moja ndani ya kiwiko usubiri siku mbili kwanza. Nguvu yake utaiweza, ni nzito sana lakini. Na nimeitaja makusudi kwa sababu inatupeleka kwenye lile swali lako.

Hizi pafyumu za karafuu na utomvu zina ukoo, na ukoo wote umesemwa vibaya tangu mwanzo. Mkubwa wao anaitwa Tabu, alizaliwa 1932, jina maana yake mwiko, na inasimuliwa mpaka leo kwamba aliyeitengeneza, Jean Carles, aliagizwa afanye pafyumu ya kahaba. Akaja huyo Youth-Dew, 1953. Akaja Opium 1977. Kila kizazi wanawake wanazinunua kwa wingi na kila kizazi kuna mtu pembeni anasema hizo ni za wanawake wa aina fulani. Mama mdogo wako hajatunga, amerithi maneno.

Lakini sikiliza Youth-Dew alikuja vipi. Marekani ya wakati ule mwanamke alikuwa hajinunulii pafyumu, anasubiri mume amletee siku ya kuzaliwa, alafu anaitunza kabatini. Estée Lauder akaifanya mafuta ya kuogea, maana mafuta ya kuogea mwanamke anaruhusiwa kuyanunua sokoni kama sabuni bila kuomba ruhusa ya mtu. Wakanunua, wakajimwagia. Kilichowashtua watu haikuwa karafuu, ni mwanamke kutoa hela yake mwenyewe kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe.

Sasa mrudie mama yako, Nairobi, 1986. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977, mwaka uleule Opium inazaliwa, ukaja kufunguliwa 1983. Miaka ya mwanzo ya themanini hapa tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, mwanangu, sabuni ya kufulia, na ukiwa na dawa ya meno unaificha wageni wakija. Mzee Mwinyi alikuwa ndo kwanza ameingia Ikulu, ruksa za biashara ndo zinaanza. Katibu muhtasi msichana anapelekwa kozi, ana mshahara wake, anapita dukani anachukua chupa nyekundu ya Ufaransa anarudi nayo Kirumba. Wewe unafikiri walimsema mwezi mzima kwa sababu ya kuteka waume? Walimsema kwa sababu hakuna mume aliyemnunulia. Hilo ndo la uhakika tunalolijua juu yake, na umelipata kwa mama mdogo mwenyewe, amelisema bila kujua amesema nini.

Yule mwanamke wa mitandaoni, wa siri, mwenye mitego, ni wa kwenye picha. Alikuwepo kweli, anaitwa Jerry Hall, binti wa Texas, alipigwa picha na Helmut Newton kwa ajili ya tangazo, amejilaza amezama kwenye dhahabu na mito ya kuegemea. Haiba ya pafyumu inatengenezwa hivo, na jina, na picha, na rangi ya chupa, alafu inarudiwa miaka 40 mpaka mtu anaamini imo ndani ya maji. Waliokaa kupanga ile picha hawajawahi kumwona mama yako. Na Kiswahili chetu chenyewe kilishaona zamani kwamba fikra iliyopandikizwa kichwani ikakaa mpaka ukadhani ni yako inaitwa vilevile kasumba.

Ila sitaki nikudanganye kwamba harufu haisemi chochote juu ya mtu, inasema. Opium sio pafyumu ya kujificha. Inaingia chumbani kabla yako na inabaki ukishatoka. Na miaka 26 ya kuuza pafyumu imenifundisha kitu kimoja ambacho kila nikikisema watu wanabisha: wapole ndo wanaochagua nzito. Waongeaji wanachukua za limau na maua mepesi, wanataka kunukia usafi basi. Yule anayeingia dukani kimya, anayenusa na kurudisha, kunusa na kurudisha, ananyooshea kidole chupa ya karafuu na udi. Mimi naamini ni watu wenye mengi ya kusema ambao hawana sauti ya kuyasemea. Wewe umesema mama sauti yake ukikaa nyuma huisikii. Harufu yake je, hukuwa unaisikia ukiwa nyuma? Kwahiyo sidhani kama kulikuwa na wanawake wawili, wa kabla ya ndoa na wa kwaya. Nadhani ni mmoja, na chupa ameifungua miaka karibu 40 akatumia robo, na kwenye hiyo robo kuna iliyojiendea hewani yenyewe. Mtu anayetaka kuteka watu hatumii robo kwa miaka 40. Huyu alikuwa anatia tone moja, siku anazozijua yeye.

Chupa yenyewe iache ilivyo. Usiongezee spiriti wala maji ya waridi ili "ifufuke", usiihamishie kwenye chupa nyingine, kila ukiimwaga inakutana na hewa mpya. Usiiweke dirishani iangaze hata kama inapendeza, jua na joto ndo vinavyoua pafyumu, na bafuni vilevile hapana. Pale chini ya sanduku la bati ndani ya nguo, giza, imetulia, aliyepachagua alipachagua vizuri, irudi palepale, mbali na jiko kwa sababu mle ndani pombe ni nyingi na inashika moto. Ukimkumbuka, toka nje, chovya humo kijiti chenye pamba, iache dakika ishirini vanishi iondoke, ndo unuse. Pamba hiyo itakaa siku kadhaa. Na kama miezi inapita bado kila ukinusa unashindwa kula, kulala, kufanya kazi, usikae nayo peke yako, zungumza na mtu wa kanisani unayemwamini au mshauri hospitalini, msiba nao una tiba.

Kama upo hapahapa Mwanza niletee niinuse, siku yoyote ila asubuhi, mchana pua yangu inakuwa imechoka na dagaa za soko la Mwaloni upepo ukiwa wa huku. Siwezi kukuhakikishia kwa maandishi kama ni orijino, kwa pua naweza. Njoo na mama mdogo, mtoto abaki nyumbani.

Na ile kanga, uliyosema chupa ilikuwa imefungwa ndani yake. Umesema kanga ukapita tu, mimi ndo nimekwama hapo. Kama aliivaa akiwa amejipaka, vile vizito, manemane na vanila, vimeganda kwenye pamba ya kanga, na humo havijachanganyika na machenza yaliyooza, vimechanganyika na yeye. Natumaini hujaifua. Kama hujaifua, ikunje leo, tia kwenye mfuko wa nailoni usio na harufu au kopo la kioo lenye kifuniko kinachobana, funga, na kabla hujafunga angalia upande gani wa kanga umekolea harufu zaidi, hapo ndo alipokuwa anaweka lile tone.